Watu wa Mfamasia

Kwenye duka lake la dawa, pale Kariakoo, neno "hatuna" halikuruhusiwa kusimama peke yake. Dawa ikikosekana kwenye rafu, ulitakiwa umwambie mteja ni duka gani linayo, liko mtaa upi, na akifika amuulize nani. Siku yangu ya kwanza nilimwambia bibi mmoja "hatuna," nikageukia mteja mwingine. Mfamasia akatoka nyuma ya kaunta, akamfuata yule bibi mbio hadi nje katikati ya mikokoteni, akamshika mkono na kumwelekeza. Aliporudi hakunigombeza. "Yule bibi alikuwa anaenda nyumbani akijua dawa yake haipo Dar es Salaam nzima," aliniambia. "Umemtisha bure." Kisha akaendelea kupanga maboksi yake.

Wateja walimwita Dokta, naye alishachoka kuwasahihisha. Mimi namwita Mfamasia, kwa sababu ndivyo alivyojitaja mwenyewe akipokea simu. Alikuwa mama wa Kilimanjaro, mrefu, mkavu wa maneno, na miguuni hakukosa raba za mtumba alizokwenda kuzichagua mwenyewe Mchikichini. Alisema viatu vipya ni vya mtu anayekaa, na kazi yake haikuwa ya kukaa.

Nilifika kwake nikiwa na shahada ya ufamasia, mwaka wa mazoezi hospitalini umekwisha, na kazi sina. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Singida, na katika ukoo wetu hapakuwa na mtu hata mmoja wa kumpigia simu hapa mjini. Wenzangu wa chuo walikuwa na neno moja tu mdomoni: koneksheni. Fulani kapata kazi, ana koneksheni. Fulani bado yuko nyumbani, hana koneksheni. Nikasikia kwamba Kariakoo kuna mama anayejulikana na kila mtu kwenye biashara ya dawa, kuanzia waagizaji wakubwa hadi wakuu wa stoo za hospitali. Nikaenda kumwomba nafasi ya kaunta. Kusema kweli, kaunta sikuitaka. Nilichotaka ni simu yake. Nilitaka siku moja aishike na kusema, "Nina binti hapa, anajua kazi, mchukueni," na maisha yangu yaanze.

Badala yake alinitembeza. Kila asubuhi, kabla wateja hawajaanza kusongamana, nilipita kwenye maduka ya dawa ya jirani, mengine hadi ndani ya Mchafukoge. Sikutumwa kununua. Nilitumwa kusalimia, kuuliza wamepungukiwa na nini, na kusema sisi tuna nini. Mara ya kwanza niliona aibu, nikajiona winga kama wale vijana wanaovuta wateja pale Msimbazi, ila mimi sina hata bidhaa mkononi. Nilisoma miaka yote ile ili nikabishe hodi kwa washindani wetu na kuwauliza wameamkaje.

Mmoja wa washindani hao alikuwa mzee wa Kiarabu mwenye duka la dawa alilorithi kwa baba yake. Mtaa mzima tulimwita Ami. Alikuwa na utani na Mfamasia, na mimi ndiye niliyekuwa naubeba huku na kule.

"Shikamoo Ami."

"Marahaba, binti. Mwambie mama yako dawa ya kifafa ya watoto imeingia, asihangaike. Na mwambie ameniharibia mteja jana."

"Amekuharibiaje, Ami?"

"Kamwambia kwangu ni bei rahisi. Sasa mteja kaja kapunguza tena."

Niliporudi na habari hiyo, Mfamasia alitikisa kichwa na kuniambia nimpelekee Ami salamu na boksi la sindano alizokosa wiki iliyopita. Polepole nikaanza kuelewa. Mtu aliyeingia dukani kwetu alikuwa ameingia kwenye maduka yote yale kwa pamoja. Dawa ambayo hospitali kubwa ilisema haipo, sisi tuliweza kumwambia mgonjwa iko wapi kabla hajamaliza kukunja cheti chake cha daktari. Nilikuwa nikikiangalia kiduka kile chenye kaunta ya kioo kilichopasuka pembeni, nikashangaa jinsi kilivyokuwa kikubwa.

Halafu kulikuwa na simu ya baada ya chai. Kila siku, akishamaliza kikombe chake, alijitenga nyuma kwenye kistoo na kumpigia mtu mmoja. Mmoja tu, na hakuwa na cha kumwomba. Watu wa mji huu hatujazoea mambo hayo. Simu ikianza na salamu ndefu, tunajua shida iko nyuma inakuja. Nilikuwa nasikia upande wake peke yake: "Habari za nyumbani? Na yule mtoto wa masikio? Afadhali. Hapana, sina shida. Nakwambia sina shida, nimekusalimia tu. Haya, kazi njema."

Kuna bwana mmoja, mkuu wa stoo ya hospitali fulani, hakuamini kabisa. Alidhani mama wa watu anaona haya kusema. Jioni akamtumia hela kwenye simu na ujumbe: "Pokea hicho kidogo mama, ukikwama usisite." Mfamasia alizirudisha palepale. Mimi nilicheka hadi nikaegemea friji la insulini. Yeye hakucheka.

"Unaona tulipofika?" alisema. "Mtu akisalimiwa anatoa pochi."

Nilimuuliza kwa nini basi anajisumbua, na wenyewe hawaelewi. "Mtu si droo," alinijibu. "Huwezi kumvuta siku unayotaka kitu, halafu unamfunga mpaka siku nyingine." Neno koneksheni alilichukia. Alisema linamfanya binadamu aonekane waya. Nikalisema mbele yake mara moja tu, sikurudia.

Kwenye misiba mtindo wake sikuuelewa upesi. Siku ya mazishi alikwenda kama watu wote, akatoa rambirambi, akamenya vitunguu na akina mama wenzake, akaondoka bila maneno mengi. Siku yake yeye ilikuwa baadaye, turubai limeshafunguliwa, viti vya kukodi vimerudishwa, ndugu wa mikoani wamepanda mabasi yao. Hapo alikwenda tena, akakaa sebuleni na mfiwa. Aliangalia kama dawa zake za presha bado zipo. Kama mfiwa hakutaka kuongea, na yeye hakuongea. Nilimwona mwenye duka kubwa la jumla, mtu wa kupiga kelele na makuli siku nzima, akilia mbele yake kwa kwikwi, na mimi nimesimama pale na bakuli la matunda sijui niliweke wapi.

Kilichonishangaza zaidi ni hiki. Mtu akiondolewa cheo, Mfamasia ndipo alipoanza kumtembelea. Kulikuwa na mkubwa mmoja aliyewahi kusimamia manunuzi ya dawa kwenye shirika fulani. Alipokuwa na kiti chake watu walijipanga nje ya ofisi kumwona. Alipostaafishwa mapema, simu yake ikawa kimya. Tulimwendea na chane ya ndizi. Alitufungulia mlango mwenyewe, amevaa kanzu, akatuangalia kwa wasiwasi.

"Mmetumwa na nani?"

"Hatujatumwa, kaka. Tumekuja kukuona."

"Kunionaje? Mimi sina saini tena."

"Ndiyo maana nimekuja leo. Zamani ulikuwa huna nafasi ya kuongea."

Yule mzee alikaa nasi mchana kutwa. Alipojua kuwa mimi ni mfamasia mchanga, alianza kunieleza jinsi dawa zinavyoagizwa: kontena linakwama wapi, mwagizaji wa kweli unamjuaje na wa maneno matupu unamjuaje, kwa nini dawa fulani hupotea nchini kila mwaka majira yaleyale. Chuoni hakuna aliyewahi kunifundisha hayo. Hadi leo nikipanga oda zangu nasikia sauti yake.

Kwa maelezo haya utadhani Mfamasia alikuwa mcheshi, mtu wa watu. Wala. Watu walimchosha. Vikao vya harusi alivikwepa kwa visingizio ambavyo mtoto wa shule angeona aibu kuvitumia. Alituma mchango wake mapema ili asiulizwe, na siku ya sherehe akaugua kichwa. Majina ya wateja aliyasahau. Nilimsikia akimwita mama mmoja "mama wa kikohozi" mbele ya uso wake, na yule mama akaitika.

Alikuwa anakaa Kigamboni. Jioni moja nilivuka naye Magogoni, nikafurahi kwamba sasa nitampata peke yake tuongee. Tulipopanda pantoni alikwenda kusimama pembeni kabisa, mgongo kwa watu. Nikaanza kumsimulia jambo la dukani.

"Hapa huwa siongei," alisema kwa upole. "Tukifika ng'ambo tutaendelea."

Na kweli, tulipokanyaga nchi kavu alinigeukia: "Enhe, ulikuwa unasema?" Siku hiyo nilimwogopa upya. Muda wote nilidhani amezaliwa na kipaji cha watu, kwamba mambo haya kwake yanatiririka tu. Kumbe ilikuwa kazi. Aliifanya kila siku kama mtu anavyofagia uwanja wake, na siku asizojisikia aliifanya vilevile. Ningejaliwa robo ya moyo ule ningeridhika.

Na alijua kukata. Wakala mmoja aliyekuwa rafiki yake kwa miaka mingi alileta maboksi yaliyobandikwa tarehe mpya juu ya zile za zamani. Mfamasia alifunga duka, akaenda hadi kwa yule wakala, na mimi nikiwa nyuma yake.

"Naenda kukuripoti," alimwambia. "Nimekuja kukwambia kwanza, usije ukasikia kwa mtu."

Yule bwana alimkumbusha walikotoka, akamkumbusha nani alikuwa wa kwanza kufika mume wake alipofariki. Mfamasia alisikiliza hadi mwisho, akasema asante kwa yote hayo, akaenda kuripoti. Biashara na yule bwana ikafa siku hiyo. Lakini mke wake alipojifungua, miezi michache baadaye, Mfamasia alimpikia mtori wa ndizi akaupeleka mwenyewe. Nilimuuliza ameingiaje katika nyumba ile. Akasema ameingia kwa mlango.

Sasa nije kwenye simu niliyoitaka. Mwaka wangu wa pili pale dukani nilisikia kwamba kampuni moja kubwa ya kuagiza dawa inatafuta mfamasia. Mkurugenzi wake alisoma chuo kimoja na Mfamasia, darasa moja, na alikuwa miongoni mwa watu wa ile simu ya baada ya chai. Nilijiona nimefika. Wakati huo baba alikuwa anakaribia kustaafu, wadogo zangu bado wanasoma, na macho yote nyumbani yalikuwa kwangu. Nilisubiri tufunge duka.

"Mama, nina ombi."

"Sema."

"Kwa Mkurugenzi wanatafuta mfamasia. Nilikuwa naomba unisemee."

Alinyoosha safu ya maboksi ambayo ilikuwa imenyooka tayari. "Nimekusikia," alisema.

Nilikaa siku kadhaa nikimwangalia kila anaposhika simu. Mwisho nikamuuliza.

"Haitawezekana," alisema. "Tuma maombi kama wengine."

Nilituma maombi kama wengine na kama wengine sikujibiwa. Iliniuma sana. Mtu aliyekuwa amemtafutia mtoto wa muuza chai nafasi ya ulinzi, ameshindwa kuinua simu kwa ajili yangu, mimi niliyemzungukia Kariakoo nzima kila asubuhi. Nikajiambia ni zile kanuni zake, kwamba amejiwekea kutoomba na sasa kanuni ni muhimu kuliko mimi. Mama yangu kwa simu akasema labda sikumwomba kwa adabu. Nikanuna. Nilifanya kazi yangu yote, salamu zote nilitoa, lakini nilinuna.

Kazi ikaja kwa njia ambayo sikuitazamia. Ami alikuwa anafungua duka la pili, akaja kwetu mwenyewe, jambo ambalo hakuwa analifanya.

"Huyu binti anayekuja kuniamkia kila siku," alimwambia Mfamasia, "kama humhitaji, nipe."

"Muulize mwenyewe. Ana mdomo."

Nikaenda kwa Ami. Baadaye nikaenda stoo ya dawa ya hospitali, ambako mkuu wake alikuwa yule bwana aliyetuma hela, akanikumbuka kwa kicheko kile cha kwenye friji, maana Mfamasia alikuwa amemsimulia. Alipostaafu nikabaki kuiongoza mimi.

Lakini kabla ya yote hayo, nilipokuwa bado nina kinyongo changu, Mfamasia alinichukua kwenye semina ya wafamasia. Mapumziko ya chai yalipofika alinionyesha kwa kidevu mtu mwenye miwani karibu na meza ya sambusa.

"Kamsalimie yule. Ndiye Mkurugenzi. Mtajie jina lako lote, umwambie unafanya kazi wapi."

"Nimwambie nini kingine?"

"Hakuna kingine. Msalimie."

Nilikwenda. Moyoni nilimkasirikia Mfamasia, yule bwana sikuwa na neno naye, hivyo nilimsalimia kwa uso mkunjufu. Alinipa mkono, akaangalia pembeni kidogo, akauliza swali moja la haraka kuhusu kazi, tukaachana. Semina iliyofuata aliniita yeye. Miaka imekwenda, na leo katika kazi yangu hakuna mtu ninayeongea naye mara nyingi kuliko Mkurugenzi. Insulini ilipoadimika nchini, nilimpigia, na kabla sijamaliza salamu aliniambia ameshatutengea. Wapo wagonjwa wanaotembea mjini hapa kwa sababu ya simu ile.

Mara ya mwisho kukaa na Mfamasia kwa kirefu ilikuwa Jumamosi moja, hivi karibuni. Duka alishaliuza, magoti hayampeleki tena Kariakoo. Nilimkuta Kigamboni, sebuleni kwake, anachambua maharage kwenye ungo. Nilimwamkia, nikakaa, nikavuta ungo upande wangu kidogo nisaidie.

"Nimetokea kwa Mkurugenzi," nilimwambia. "Mama yake alifariki, tumeshazika. Leo nilikwenda kukaa naye."

"Vizuri. Anakula?"

"Kidogo."

Tukachambua. Nilikuwa na furaha ya kumwona, nikaanza kumtania. "Mama, unajua siku zile ungempigia simu moja tu, ningekuwa nimeanza kufanya naye kazi zamani."

Hakuinua macho. "Nilimpigia," alisema.

Nilidhani sijasikia vizuri. "Ulimpigia lini?"

"Jioni ileile uliyoniomba. Akasema nafasi ina mtu wake. Kesho yake nikampigia tena nimweleze habari zako vizuri. Hakupokea."

Nilibaki na maharage mkononi. Nilijaribu kumwona amesimama kwenye kile kistoo, simu sikioni, inaita mpaka inakatika, na mimi niko upande wa pili wa mlango nasubiri apige.

"Kwa nini hukuniambia? Nilikununia miezi."

"Niliona." Alitoa kijiwe, akakiweka pembeni. "Ningekwambia, ungemchukia. Na wewe ulikuwa na umri wako wote wa kazi mbele, kwenye mji huuhuu, dawa hizihizi, watu walewale. Ungemsalimiaje pale kwenye semina? Nikaona bora uninunie mimi. Mimi nilikuwa nakuona kila siku, ingeisha."

"Na wewe je? Wewe ulifanyaje naye?"

"Mwezi uliofuata nilimpigia kumsalimia. Akapokea."

Machozi yalinitoka, na sikujaribu kuyaficha. Nimekutana na watu wakubwa katika kazi hii, wenye vyeo na wenye maghala, lakini sijawahi kukaa karibu na mtu nikajiona mdogo kiasi kile, na bado nikafurahi kuwa mdogo. Yeye aliniacha nilie. Alivuta ungo wote upande wake akaendelea.

Nilipoaga alinisindikiza hadi mlangoni, polepole, ameshika ukuta.

"Msalimie Mkurugenzi," alisema. "Mpe pole yangu. Na hili usimuulize."

Jumatatu Mkurugenzi alinipigia mwenyewe, kunishukuru kwa kufika. Nikamwambia Mfamasia anampa pole na anamsalimia. Akauliza hali yake, nikamwambia magoti yanamsumbua ila hajambo. Akasema atamtafuta. Tukaongea habari za mzigo unaoingia wiki hii, tukaagana, wala sikumuuliza.